Mtaani Bado Naitwa Njiwa

Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, kuna baraza moja ambalo wazee wake hawalijui jina langu la cheti. Mimi sasa ni mtu mzima, nina mke, mwana na tumbo, lakini nikipita sauti hutoka pale pale: "Njiwa! U hali gani? Mamako hajambo?" Nami huitika. Jina hilo nilibandikwa nikiwa na miaka tisa.

Asili yake ni tundu. Mimi na ndugu yangu tulilipiga misumari wenyewe juu ya nyumba ya nyanya, kwa mbao za masanduku ya matunda tuliyookota Marikiti na kipande cha bati chenye kutu. Tulianza na njiwa wawili, tukafika 17. Asiyewahi kufuga hudhani njiwa ni ndege wa kumwagiwa mtama tu. La. Njiwa mgeni hufungiwa wiki tatu hivi azoee nyumba, maana ukimfungulia mapema anarudi kwa mwenyewe wa kwanza na mtama wako tumboni. Jike hutaga mayai mawili, na mume na mke huyalalia kwa zamu siku 18 hivi. Siku zote hizo kunguru yupo. Kunguru wa Mombasa hana haya. Atatua juu ya antena akutazame usoni, na ukishuka kidogo kunywa maji, yai limekwenda. Kwa hivyo tulijifunza kukaa. Magharibi, adhana ikikaribia, tulihesabu. Wakiwa 16, chakula cha usiku hakikupita kooni.

Nilipoingia darasa la nane, mwaka wa mtihani, baba alipanda juu na nyundo. Hakuchinja hata mmoja, tumpe haki yake. Aliwagawa kwa watoto wa majirani, akang'oa mbao, akazipiga randa na kunitengenezea rafu ya vitabu. Njiwa wanne walirudi. Walikaa ukingoni mwa paa siku mbili tatu wakiangalia pale tundu lilipokuwa, kisha hatukuwaona tena. Rafu nayo, kila masika yakiingia, ilinuka tundu mpaka nikamaliza sekondari.

"Hawa ndege watakupa nini?" Hilo ndilo lililokuwa swali la baba. Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa kibarua wa bandarini Kilindini, mtu wa kuamka saa kumi za usiku asijue kama ataitwa kazini au atarudi na mikono mitupu, na mtu wa namna hiyo hawezi kutazama jambo bila kulipima kwa kibaba.

Vijana wa leo huambiwa kinyume. Wanaambiwa kipaji chako ndicho ajira yako, penda unachofanya na pesa zitakufuata. Serikali yenyewe mwaka 2023 ilizindua mpango wa vijana ukaitwa Talanta Hela, jina ambalo halihitaji mfasiri. Ukisikiliza juujuu, baba yangu na wahamasishaji hawa ni mahasimu. Mimi naona ni swali lile lile limevaa kanzu nyingine. Wote wawili wanamtazama mtoto aliyezama katika mchezo wake na kuuliza utaleta shilingi ngapi; mmoja amejibu hakuna, mwingine amejibu nyingi.

Na swali lenyewe ndilo bovu. Tukiacha kuuliza mchezo utamlipa nini mtoto, tutaona kuwa mara nyingi hautabiri hata kazi atakayoifanya. Unachomwachia ni namna ya kukaa na kitu, na watu wanaomjua kwa kitu hicho. Hayo mawili, akifika miaka 20 na kitu, ndiyo humsimamisha wakati hana lingine la kusimamia.

Aliyeliweka swali la "mimi ni nani" katikati ya saikolojia ni Erik Erikson, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902. Alifundisha kwamba ujana ndio umri wa kulikabili swali hilo, na asiyelipatia jibu huingia utu uzima akiyumba. Nadharia hiyo inajulikana. Mimi hufurahishwa zaidi na maisha yake. Ujana wake aliumaliza akizurura Ulaya na vifaa vya kuchora, hana shahada yoyote, mpaka rafiki yake alipomwita Vienna mwaka 1927 akafundishe katika shule ndogo ya watoto. Huko akageukia saikolojia, na uchoraji haukuwa kazi yake tena. Lakini ukisoma anavyowaeleza watoto wakijenga kwa vibao vya mbao, nani kaweka mnara, nani kazungusha ukuta, nani kaacha mlango wazi, utajua kalamu ile imeshikwa na mchoraji. Hata jina la Erikson alijipa mwenyewe alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939. Mimi langu nilipewa na baraza.

Mtafiti mwingine, Jeffrey Arnett, alipendekeza mwaka 2000 kwamba miaka ya 18 hadi 25 ihesabiwe kuwa umri wa peke yake, si utoto na si utu uzima. Katiba yetu ya 2010 ni karimu zaidi: kijana ni kuanzia 18 mpaka kabla ya kutimiza 35. Mombasa hiyo ni miaka ya kungoja. Kungoja kibarua, kungoja mahari yatimie, kungoja chumba. Mtu akikuuliza unafanya nini, unasema "natafuta tafuta". Katika mji ambapo cheo cha kazi huchelewa hivyo, kijana hujibu kwa alichonacho: mimi ni mtu wa mpira, mimi ni mtu wa bahari, mimi ni wa kushona. Ukimnyang'anya na hilo, umemwacha na neno "natafuta" peke yake.

Nilipokwenda Nairobi chuoni nililionja hilo. Hakuna aliyeniita Njiwa. Nilikuwa nambari ya usajili na mtu wa Pwani anayeongea polepole. Siku moja mwenzangu wa chumbani akaniuliza kwa nini kila jioni nasimama mlangoni nikitazama viatu. Sikuwa na habari kuwa nafanya hivyo. Nilikuwa navihesabu.

Leo mimi ni karani katika yadi ya makontena, na kazi yangu, kwa ufupi, ni kuhesabu yaliyoingia na yaliyotoka. Msomaji ameshafika mahali anapotaka kufika: njiwa ndio waliomfanya karani! Pole pole. Huo ni uongo mtamu, nami nimeusema mara nyingi harusini. Ndugu yangu alihesabu njiwa wale wale, magharibi zile zile, na mpaka leo hajui anadaiwa kiasi gani dukani. Mwanasaikolojia Dan McAdams ameandika kwa miaka mingi kwamba mtu mzima huushikanisha utu wake kwa hadithi anayojisimulia, akirudi nyuma kuokota yanayofaa na kuyaacha mengine. Mimi niliokota kuhesabu. Ndugu yangu ameokota kitu kingine kabisa: yeye ndiye hukaa na mgonjwa. Ukoo wetu mzima mtu akiugua huitwa yeye, akae, asibanduke. Tundu lilikuwa moja, kila mmoja kashuka na chake, na hakuna mwalimu ambaye angeweza kukisia mapema nani atashuka na nini.

Watu nao ni nusu ya habari. Bingwa wetu wa njiwa alikuwa mtoto wa Kibulushi wa Makadara, ambaye angekwambia ndege ana ugonjwa gani kwa kumtazama macho tu. Mwenzetu mwingine alikuwa Mdigo wa Likoni, akivuka na feri na kapu lililofunikwa leso, ndani yake njiwa wa kubadilishana. Kulikuwa na Mkamba wa Majengo, na kijana wa Kibohora ambaye nyumbani kwao palikuwa na dari pana kuliko zote, kwa hivyo tulimpenda kwa dhati na kwa maslahi. Kila uchaguzi ukikaribia katika nchi hii mtu hukumbushwa kabila lake bila kuomba. Mimi nilipokumbushwa langu nilikuwa tayari nina kabila la pili, lenye mdomo mfupi na miguu myekundu.

Sitaki kulipamba jambo hili kupita kiasi. Magenge ya vijana wenye mapanga yaliyousumbua mji huu, hasa upande wa Kisauni, nayo hutoa jina, nayo hukupokea. Sidai kwamba njiwa huzuia panga. Ninachosema ni kwamba kijana atatafuta mahali pa kuitwa jina, na kama hakuna dari, hakuna uwanja, na kila kiwanja cha mtaani kimejengwa ghorofa ya kupangisha, basi ataitikia jina la kwanza atakaloitwa.

Mpaka hapa nimesema habari za wavulana, na dada zangu wakiisoma makala hii watanisuta. Dada yangu mkubwa alikuwa akitushinda sote mdako; kete moja hewani, na mkono wake umeshazoa nyingine zote. Alipofika miaka 12 akaitwa ndani, mwana wa kike hakai nje. Sisi tulipewa miaka mingine mitatu au minne ya kupotea juu ya mapaa. Yeye akapewa uzi na sindano ashone kofia, na nyanya akamsifu kwamba atakuwa mke. Baba aliniuliza swali lake nilipokuwa na miaka 13 au 14. Wasichana wa Mombasa huulizwa mapema zaidi, na kwa upole zaidi: mchezo wowote walioingia nao ndani ulihesabiwa kuwa mazoezi ya nyumba. Ndiyo maana mwanamke wa rika lake ukimwuliza alipenda nini utotoni, husita. Alipenda vitu, ila kila alichopenda kilipewa jina la wajibu.

Wa siku hizi wana mtihani tofauti. Binti wa jirani yangu alianza kupaka hina akiwa na miaka minane. Usiku wa kuamkia Idi alikaa ukumbini na foleni ya mabinamu mbele yake, taa ya simu imeegemezwa juu ya mto. Hina aliikoroga mwenyewe kwa ndimu na chai ya mkandaa, akaichuja kwa kipande cha mtandio ili chembe zisizibe mdomo wa koni. Alipokuwa akichora alitoa ncha ya ulimi. Nyumbani kwao kuna picha yake hivyo, ulimi nje, na mkono wa shangazi umelala mapajani mwake kama samaki.

Sasa ana miaka 21. Anapaka maharusi, ana wafuasi mtandaoni, ana akiba ya amana ya kushika tarehe, na msimu wa harusi ukichanganya hulala saa tatu kwa siku. Karo ya chuo amejilipia mwenyewe, na mamake amepumua. Nilipomwuliza kama bado anajipaka alinionyesha mikono yake, pande zote mbili. Mitupu. "Siku hizi, Mjomba, nikiishika koni nasikia simu ikilia hata kama haijalia."

Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya katika shule ya chekechea Marekani. Waliwachukua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora, la pili likapewa cheti hicho hicho bila kuahidiwa, la tatu halikupewa kitu. Siku zilipopita, kalamu zikarudishwa mezani bila ahadi yoyote, na wale walioahidiwa wakazigusa kidogo kuliko wenzao. Cheti kilichowajia kwa ghafla hakikuwadhuru. Waliodhurika ni wale waliochora wakikitazamia. Nilimsimulia binti huyu jaribio hilo. Akacheka, akasema wale watoto hawakuwa na karo ya kulipa.

Ana haki. Mimi si wa kumwambia aache pesa, na anayemwambia kijana wa Mombasa kwamba pesa zitachafua mapenzi yake kwanza amwonyeshe kazi nyingine. Lakini yule mtoto wa picha ile alikuwa na kitu ambacho maharusi hawakinunui, naye anajua kimekwenda, na anajua lini: mwaka ambao kila mtu nyumbani alianza kusema "hii hina yako itakutoa".

Kuna na upande ambao mapenzi yenyewe humgeuka mwenyewe. Tulikuwa na fundi wa mipira ya majuala. Alifunga juala juu ya juala, akazungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, mpaka ukadunda kama wa dukani. Sanaa hiyo imekufa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na mazingira yamepata nafuu, sina ugomvi. Fundi wetu hakuwa akicheza vizuri, lakini alipenda mpira kuliko sote. Sasa ana miaka 30 na kitu na hatazami mechi hata moja ila awe ameiwekea pesa. Mkeka ukichanika, yaani dau likiliwa, haongei na mtu siku nzima. Robert Vallerand na wenzake mwaka 2003 walitenganisha mapenzi ya namna mbili: yale ambayo mtu huyashika na kuyaweka chini apendapo, na yale yanayomshika yeye. Fundi wetu alianza na ya kwanza. Simu ilimvusha hadi ya pili, na uzuri wa mpira, dundo lile alilolisikiliza kwa sikio, haupo tena katika anachokitazama.

Nikitaka kuona mchezo wa utotoni ukibeba uzito wote, namfikiria Abdilatif Abdalla. Alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1946, akakulia katika ukoo wa washairi. Mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo ni nduguye. Katika nyumba kama hizo mtoto husikia vina kabla ya kujua kusoma, na mtu mzima akikosea mizani mezani mtoto hucheka. Mwaka 1968, akiwa na miaka 22, aliandika waraka wa kuihoji serikali, akafungwa miaka mitatu, akitengwa peke yake. Kazi ilikwenda, marafiki hawakuonekana, kalamu na karatasi zilikatazwa. Akatunga mashairi kwa siri juu ya karatasi za chooni. Mizani haihitaji ruhusa ya askari jela. Mtu huihesabu kichwani. Mashairi yale yalichapishwa mwaka 1973 na yanasomwa mpaka leo. Hakuna aliyekuwa amemfundisha vina ili vimfae gerezani. Kama nyumbani wangekuwa wanauliza "itakupa nini", sidhani kama kuna mtu angejibu hivyo.

Nasema haya wakati wazazi wenzangu wamo katika homa ya kuchagua. Mtaala wa umilisi, ule mpya wa shule zetu, umetimiza ngwe yake. Kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10 Januari 2026, na kila mtoto ana njia yake: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kwamba sanaa na michezo imepewa mlango wake, nashukuru. Enzi zetu mlango huo ulikuwa dirisha, na tuliruka. Ila najua mzazi anavyofikiri. Mwana anayechora ataandikiwa sanaa, anayefungua redio ataandikiwa sayansi, na faili litafungwa akiwa na miaka 14 au 15. James Marcia, aliyeiendeleza kazi ya Erikson mwaka 1966, alieleza hali ya kijana aliyeshika msimamo bila kuupitia mwenyewe. Wengine wamemchagulia, naye amesaini. Kijana huyo huonekana ametulia kuliko wenzake wanaohangaika, na wazazi humtolea mfano. Marcia hakumwona kuwa amefika. Mimi pia simwoni, hata akiwa amechaguliwa kile kile alichokipenda.

Naandika kama mtu asiye na hatia, kumbe juzi nimekamatika. Niliingia nyumbani nimechoka, nikamkuta binti yangu wa miaka sita amepanga vifuniko vya soda sakafuni kuanzia mlango wa jikoni mpaka chini ya kitanda chetu. Ameviosha vyote. Vingine vimepindika, amevinyoosha kwa mgongo wa kijiko changu cha chai. Swali la baba likanijia mpaka kwenye ulimi, kwa sauti yake kabisa. Nikalimeza, nikauliza langu: viko vingapi?

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia uwanjani bila kujua ni mchezo gani.

"Sijahesabu, Baba. Hawa wanangoja feri."

Kisha akanisukuma mguu. Nilikuwa nimesimama baharini.